Je, wajua? Akili ya mtoto hutoka kwenye damu au kwenye malezi?

Mwaka 1984 watafiti waliwapima akili watoto wa miaka kama saba huko Embu, Kenya. Mtoto alionyeshwa mchoro wenye pengo, na chini yake vipande sita, achague kinacholiziba. Hakuna kusoma wala kuandika. Mwaka 1998 watoto wengine wa umri huohuo, wa eneo hilohilo, walipewa kipimo kilekile. Waliwapita wenzao wa mwanzo kwa mbali.

Miaka 14 haitoshi kubadili vinasaba, yaani chembe za urithi tunazopokea kwa wazazi, vya jamii nzima. Kilichobadilika ni nyumba walimokulia: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, watoto katika familia walikuwa wachache, chakula kilikuwa kimeongezeka na minyoo ya safura imepungua.

Je, urithi ni hadithi tu? La hasha. Mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, hukaribiana alama kuliko mapacha wasiofanana. Hata waliotenganishwa wakiwa wachanga wakalelewa nyumba mbalimbali, kama wale walioanza kuchunguzwa Minnesota, Marekani, mwaka 1979, bado walikaribiana. La kushangaza zaidi, nguvu ya urithi huonekana kidogo utotoni na kuongezeka ukubwani, hadi kueleza nusu au zaidi ya tofauti za alama baina ya watu. Inadhaniwa ni kwa sababu mtoto mdogo huishi alivyopangiwa, ilhali akikua hujichagulia marafiki, vitabu na kazi zinazoendana na maumbile yake.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Urithi kueleza nusu ya tofauti baina ya watu si kusema kwamba nusu ya akili ya mwanao imetoka kwenye damu. Wala hakuna kinasaba kimoja cha akili; ni vingi mno, kila kimoja kikichangia chembe tu. Ndiyo maana inaniuma kumsikia mzazi akisema mtoto wa darasa la pili "amerithi kichwa kizito cha mjomba wake", kisha akamwachia hapo.

Na malezi huanza kabla ya kuzaliwa. Mama mjamzito akikosa madini joto (iodini), ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui inavyopasa, hata kama wazazi wote wawili walikuwa vinara darasani. Chumvi iliyotiwa madini hayo inauzwa dukani kwa bei ya kawaida. Soma pakiti kabla ya kununua.