Gemu kuganda si kosa la pembetatu peke yake
Watengenezaji wa magari ya kuongeza kwenye Grand Theft Auto V wameaminishana kwa miaka kwamba gari likiigandisha gemu, dawa ni kupunguza pembetatu ndogondogo zinazounda umbo lake. Basi wanapunguza mpaka matairi yanaota pembe, inasikitisha kuona, na gemu bado inaganda. Mara nyingi mzigo uko kwenye picha zinazovikwa bodi. Picha moja ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa hula megabaiti 64 za kumbukumbu. Ikibanwa kwa BC3, njia ya kubana picha za gemu, hubaki 16. Ukiishusha hadi 2048, ni 4 tu, na taa ya nyuma haihitaji zaidi. Pembetatu nazo zina uzito, hasa gari likikosa maumbo mepesi ya kuonekana kwa mbali: hapo hata lililo mwisho wa barabara huchorwa hadi nati.