Injini ya gari la porini: uliza kwanza gari litalala wapi

Mteja anayetaka gari la porini huanza na injini. Achukue 1HZ, dizeli ya zamani ya Toyota Land Cruiser, au ile mpya ya lita 2.8? Siku hizi anaongeza la tatu: na umeme je? Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuandaa magari ya aina hiyo, na mimi huanza kwa kumuuliza gari litalala wapi na litajazwa nini. Gari linalolala Tegeta na kupiga safari za Kibiti hadi Mloka, na lile linalolala kambini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hata yakiwa na bodi ileile, hayastahili mtambo mmoja.

1HZ inapendwa, na inastahili kupendwa. Silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 4.2, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kimakanika bila kusubiri amri ya kompyuta. Nguvu zake ni kama farasi 130 tu, kwa hiyo kwenye mlima wa lami utapitwa. Lakini torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 285 hufika mapema, kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, na kwenye udongo mweusi wa mbugani hapo ndipo unapoihitaji. Ikizima njiani, fundi wa Kibiti ataiamsha kwa spana, na spea zake zimejaa Kariakoo na Gerezani. Kinachoniuma ni watu kuifungia tabo. Injini hii huanza kuchoma dizeli ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, na joto linaloongezwa na tabo hupasua hedi hapohapo. Anayetaka nguvu zaidi achukue injini iliyotoka kiwandani na tabo yake.

Injini hiyo ni 1GD-FTV, lita 2.8, silinda nne, yenye torki inayofika Nm 500, iliyoingia kwenye Land Cruiser 70 mwaka 2023. Mafundi wengi wanaisema vibaya kwamba haiwezi pori. Mimi naitetea. Ninachokikuta nikiifungua iliyokufa ni dizeli chafu. Mfumo wake wa komonreli husukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 2,000, na vitundu vya nozeli vinakaribia unene wa unywele. Maji kidogo yanatosha kuiharibu. Mafuta ya taa nayo ni hatari, kwa sababu hayalainishi vizuri, na pampu ya shinikizo inalainishwa na dizeli yenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, lakini vinasaba havizuii mvua ya masika kuingia kwenye pipa lililoachwa wazi nyuma ya stoo. Basi, kama unajaza kituoni, ichukue 2.8 bila woga na uifungie chujio la pili lenye kikombe cha kutenganisha maji. Kama unajaza kwa pipa na mpira, baki na 1HZ.

Petroli ya V6 lita 4.0 siishauri kwa kazi hii. Kwenye mchanga na tope kiu yake ni kubwa mno.

Sasa umeme. Troop Carrier, ile Land Cruiser 70 ndefu, yenye tangi mbili za lita 90 hubeba lita 180. Kila lita ya dizeli ina nishati ya takriban uniti 10 (kilowati-saa), zilezile za umeme wa LUKU, lakini injini hufikisha kwenye magurudumu kama theluthi moja tu. Hata hivyo zinabaki uniti zinazokaribia 600. Betri ya kubeba nishati hiyo ingekuwa na uzito wa tani nne hivi, zaidi ya gari lenyewe. Ndiyo maana anayetoka Dar kwenda Katavi simwambii aende na umeme.

Gari la kambini ni habari nyingine kabisa, na hapa naona tunachelewa bure. Linatembea polepole, tuseme kilomita 80 kwa siku, na mimi hulipigia hesabu ya nusu uniti kwa kilomita: uniti 40. Wageni hutoka alfajiri na jioni. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri gari limesimama chini ya mti, na ndizo saa ambazo jua ni kali zaidi. Paneli za sola za kW 12 hadi 15 zinalitosha. Mota hutoa torki yote tangu gurudumu likiwa limesimama, haina klachi ya kuunguza kwenye tope, haivuti hewa kwa hiyo haihitaji snokeli, lile bomba la kuvutia hewa juu ya maji, na mbele ya simba hailazimiki kuzimwa na kuwashwa. Jirani zetu wameshafanya: Opibus ya Nairobi, ambayo sasa inaitwa Roam, ilibadilisha Land Cruiser za safari kuwa za umeme, na kambi ya Emboo kule Maasai Mara imezitumia. Ila ukilichaji kwa jenereta ya dizeli, umehamishia moshi nyuma ya jiko tu.

Ukibadilisha gari, lipime kwenye mizani ekseli kwa ekseli kabla ya kugusa springi, maana uzito wa betri haukai palepale ilipokuwa injini. Na mafundi wenzangu, nawasihi: volti za mfumo huu mara nyingi ni 300 hadi 400, na zinaua. Ukiona nyaya za rangi ya chungwa, chomoa kwanza plagi ya usalama ya betri, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari ili kapasita ziishiwe chaji, halafu pima kwa mita hadi isome sifuri. Glavu za mpira za kawaida hazitoshi. Vaa zile zilizopimwa kwa volti hizo.