"Too" si "sana": dhana potofu kuhusu kiasi na ulinganishi katika Kiingereza

Nafundisha Kiingereza waongoza wageni na wafanyakazi wa mahoteli hapa Mjini Unguja, na kila darasa jipya likianza swali ni lilelile: "Maalim, 'too' si ni 'sana', ila yenye nguvu zaidi ya 'very'?" Sivyo. Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, leo naliandika.

"Very" hueleza sifa ikaishia hapo. "Too" hutoa hukumu: kiasi kimevuka mpaka, kwa hivyo kuna jambo limeharibika au haliwezekani tena. Muuza pweza wa Forodhani anayemwambia mgeni "my octopus is too fresh" anadhani anaisifu biashara yake, kumbe mgeni anabaki kujiuliza pweza huyo ana kasoro gani. "Too cheap" ndiyo mbaya zaidi, maana mgeni anasikia kwamba bei imeshuka hadi inatia shaka. Na ukimwambia mgeni kwamba kobe wa kisiwa cha Changuu ni "too old", usishangae akikuuliza "too old for what?" Hakutanii. Sentensi yako imemwachia pengo, anataka ulizibe.

Upande wa kusikiliza nao una hasara yake. Mgeni anaonja chai ya tangawizi, anakiweka kikombe chini, anasema "it's a bit too sweet." Mhudumu anatabasamu, anajibu "thank you!" na kwenda zake. Mgeni alikuwa analalamika! Alitaka nyingine isiyojaa sukari. Nimeliona hili kwa macho yangu, na yule mhudumu alikuwa kijana wa adabu na bidii. Kilichomponza ni neno moja alilofundishwa vibaya tangu skuli.

Penye hatari khasa ndipo tunapoyageuza maneno haya kichwa chini. Katika msitu wa Jozani wageni hutakiwa wakae mbali kidogo na kima punju. Muongoza wageni anaona bibi mmoja amesogea mno, anamwambia "you are very close." Bibi anafurahi, anainua simu, anasogea tena, kwani ameambiwa ana bahati ya kuwa karibu. Alitakiwa aambiwe "you are too close", na hapo angerudi nyuma bila ya maelezo mengine. Baharini vilevile. "The current is very strong" ni taarifa tu, na mtu anayejiamini kuogelea ataruka. "The current is too strong to swim in" ni katazo. Nahodha anayechanganya maneno haya anaacha kukataza pale anapodhani amekataza.

Tatizo linatokana na lugha yetu yenyewe, maana "sana" hubeba kila kitu, na "mno", ambalo lingetusaidia, siku hizi twalitumia hata kusifia: mzuri mno, mtamu mno. Lakini Kiswahili kina umbo jingine linalolingana na "too" barabara, na kila mtoto wa Unguja na Pemba analitumia: mzigo mzito hata haubebeki, chai ya moto hata hainyweki. Hiyo ndiyo "too heavy to carry", hiyo ndiyo "too hot to drink". Ushauri wangu, na sitachoka kuurudia, ni huu: kabla ya kutamka "too", jaribu kuimalizia sentensi yako kwa "hata ha-...-ki". Ikikataa, tumia "very". Pweza mbichi hata halik... haiji. Basi sema "very fresh", au "really fresh".

Umbo hilo linaondoa kosa jingine linaloifuata "too" kama kivuli. Kwa kuwa tunasema "mzito mno kuubeba", wengi huandika "too heavy to carry it". Hiyo "it" haitakiwi. Mzigo umeshatajwa mwanzo wa sentensi na Kiingereza hakiurudii: "this bag is too heavy to carry." Ukitumia "so ... that", hapo inarudi: "it is so heavy that I can't carry it." Anayehusika akitajwa huja na "for": "the street is too narrow for cars", sentensi ambayo kila anayetembeza watu Mji Mkongwe ataihitaji kila siku.

Wajuaji wataniletea "you're too kind". Ndiyo, ipo, nayo ni adabu ya kushukuru: umenitendea wema kuliko ninavyostahili. Maana ya kupita kiasi imo humohumo, kwa hivyo haibatilishi nililosema.

"Enough" nayo ina dhana zake. Wengine hudhani huwekwa mbele ya kila neno, wakasema "enough big". Kanuni ni fupi: mbele ya nomino, nyuma ya sifa. "Enough water", "big enough". Kwenye sifa Kiswahili chenyewe kinakuelekeza, kwani twasema "kubwa ya kutosha" kwa mpangilio uleule, kwa hivyo kosa hili sioni sababu ya kulikumbatia.

La maana zaidi ni hili: "enough" si neno la kusifia. Nimesoma tangazo la safari za mashua lililoandikwa "our boats are safe enough". Nani atapanda? Mgeni anaelewa kwamba usalama upo, ila ni wa kubahatisha. "Good enough" maana yake inaridhisha tu, haina zaidi. Andika "safe", nukta. Na ukikaribishwa chakula ukashiba, usiseme "I am enough", sema "I've had enough, thank you", au "I'm full". Neno "enough!" likitoka peke yake ni karipio, sawa na mzazi anayewaambia watoto "basi!"

Katika ulinganishi, "Unguja is big than Pemba" ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote. Kwetu "kuliko" inafanya kazi nzima na sifa haiguswi. Kiingereza kinataka sifa nayo ibadilike: "Unguja is bigger than Pemba." Wanaoogopa kuibadilisha hukimbilia "more" wakidhani inafaa popote, ndipo tunapata "more better" na "more cheaper". "Better" imeshabeba "zaidi" ndani yake. Shakespeare aliyarudufu maneno haya, ni kweli, lakini ilikuwa zama zake, na mwajiri wako wa leo atakusahihisha. "More" ni ya sifa ndefu, kama "more expensive", na ya nomino: "Pemba grows more cloves than Unguja."

Ndivyo ilivyo pia kwa "most". Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga mizinga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar, na mambo yakaisha kabla ya saa moja kutimia, husimuliwa kila siku mbele ya wageni kama "the most shortest war". Ni "the shortest war in history", basi.

Yaliyobaki ni madogo, yasahihisheni tu. "Same like" haipo, ni "the same as". "I prefer tea than coffee" si sahihi, ni "I prefer tea to coffee". Na anayeona "smaller than" ni ukali mbele ya Mpemba anaweza kusema "Pemba is not as big as Unguja", lakini ahakikishe "as" zote mbili zipo.