Harara si damu chafu

Kaskazi ikishika, Februari hivi, ni nadra nyumba ya Mombasa kukosa mtoto anayejikuna shingo, au bibi anayeijua sababu: "Huyo ana damu chafu, mnywesheni mwarubaini." Mtoto hulia kwa uchungu wa dawa, na harara iko palepale.

Damu haihusiki kabisa. Jasho hutengenezwa na tezi zilizo ndani ya ngozi, na mtu mmoja anazo kati ya milioni 2 na milioni 4. Kutoka humo hupanda kwa mifereji myembamba hadi juu. Ngozi ikishinda imeloa, seli za juu huvimba na kuuziba mdomo wa mfereji. Jasho likikosa njia huvujia ndani, na ile michomo kama ya sindano huanzia hapo. Watoto wachanga huumia zaidi kwa sababu mifereji yao haijakomaa. Mvue fulana, muogeshe kwa maji yasiyo moto, mweke penye upepo. Mafuta mazito usimpake, utaziba hata vitundu vilivyobaki wazi.

Bibi huyohuyo atakwambia jasho linatoa sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Jasho ni maji na chumvi kidogo, na kazi yake ni kuupoza mwili. Tena hupoza linapokauka, halipozi kwa kutiririka. Ndiyo maana saa nane mchana kwenye feri ya Likoni unalowa chepechepe na bado unawaka moto: hewa ya pwani imeshajaa unyevu, jasho halina pa kwenda. Wageni wa bara hutuona wavivu kwa kutembea polepole. Waache wakimbie, watatukuta kwenye madafu.

Sasa twende arusini, ambako dhana zimejaa kuliko pilau. Ya kwanza: hina "huingia kwenye damu". Ya pili, iliyo mbaya zaidi: piko nyeusi ni hina tu iliyokolea.

Hina hutoka kwenye majani ya mhina. Rangi yake hushikamana na keratini, protini iliyojaa kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, na seli za tabaka hilo zimeshakufa. Ngozi hujijenga kutoka chini: seli mpya huzaliwa, husukumwa juu, hukauka, na baada ya mwezi au zaidi kidogo hubanduka zenyewe. Hina iko juu, kwa hiyo huondoka nazo, na wiki ya pili au ya tatu maua ya bi arusi yameshafifia. Viganja na nyayo hukolea sana kwa sababu tabaka hilo ni nene huko kuliko kwingineko.

Piko nyeusi ni habari nyingine. Mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, au PPD kwa kifupi. Hii haikai juu. Hupenya hadi kwenye seli hai, na kinga ya mwili ikiikataa, malengelenge hutokea kwa kufuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, jani kwa jani. Binamu yangu alimaliza fungate yake mikono imefungwa bandeji. Makovu yamepungua, lakini mzio huo kwa kawaida ni wa maisha, na hadi leo hathubutu kupaka rangi ya nywele. Muulize mchoraji ametia nini. Hina ya kweli haiwi nyeusi tititi kwa nusu saa.

"Mtu mweusi ana seli nyingi za rangi kuliko mweupe." Hapana, idadi inakaribiana. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini, yaani rangi yenyewe, ambayo seli hizo hutengeneza. Krimu za kujichubua huishambulia kazi hiyo. Zenye zebaki huizuia melanini, kisha zebaki hupita ngozini na kuharibu figo. Zenye steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia kashata. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuacha madoa ya buluu-nyeusi, yaani umelipa upate kinyume. Singo nayo haibadili rangi ya mtu. Husugua seli zilizokufa, ngozi ikang'aa, basi. Mimi nachagua singo.

Melanini hukinga dhidi ya jua, ila si ngao kamili, na si kweli kwamba mweusi hapati saratani ya ngozi. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa watu weusi, melanoma hupenda kujitokeza huko ambako jua halifiki: nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Ukiona doa jeusi linalokua wayoni, usingoje liume.

Barasi, yale mabaka meupe ya ngozi, haiambukizi, na haiji kwa kula samaki pamoja na maziwa. Kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia seli za rangi. Mpe mkono mwenye barasi, kula naye sinia moja.

Na mafuta ya mahamri yakikurukia, wacha dawa ya meno ikae bafuni. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, kisha uweke chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Maji yamekatika? Tumia ya mtungi, mimina polepole. Dawa ya meno hulichokoza jeraha, na huko hospitali itabidi ikwanguliwe kwanza, juu ya ngozi iliyoungua, ndipo daktari aone kuna nini.