Yanayosemwa Kamalondo kuhusu mikataba ya wachezaji, na ukweli wake

Mechi ikiisha Kamalondo, hapa Lubumbashi nchini Kongo, mabishano huhamia kwenye nganda, yaani baa za jirani, na hayaishi upesi. Nani asajiliwe, nani aachwe, nani ameuzwa kwa bei ya kutupa. Mimi ni shabiki wa klabu ya Mazembe tangu utoto, nimekaa kwenye viti vile vya plastiki pamoja na mashabiki wa Lupopo, wapinzani wetu wa jiji, na inaniuma kuona ndugu wakikosana kwa mambo ambayo kanuni za FIFA zimeshayaamua.

Neno linalorudi kila mara ni hili: "Balimuuzisha, ekipe ilikufa," yaani wamemuuza, timu imekufa. Nililisikia sana Januari 2016, mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipokwenda klabu ya Genk, Ubelgiji. Uchungu ule naujua. Tarehe 8 Novemba 2015 alikuwa amefunga penalti hapa hapa Lubumbashi dhidi ya USM Alger, tukawa mabingwa wa Afrika mara ya 5. Lakini timu haikufa. Mwaka ule ule wa 2016 tulibeba Kombe la Shirikisho la Afrika, na 2017 tukalibeba tena.

Wengine hugeuza lawama: "Ameondoka bure, viongozi walilala." Hapa kuna ukweli nusu. Mkataba ukibakiza miezi 6, mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baadaye, na ukiisha anaondoka bila ada ya uhamisho. Kwa kawaida mkataba hauzidi miaka 5, na wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauzidi 3. Kwa hiyo swali la kumbana nalo kiongozi ni "mkataba wake unaisha lini?", na linaulizwa mapema, wakati kijana bado anafunga mabao na sote tunaimba jina lake. Anayekataa kumuuza mchezaji mwaka wa mwisho, na mchezaji hataki kuongeza, anachagua kumpoteza.

Picha ya mtu ameshika jezi nayo si usajili. Anayetoka nchi nyingine hachezi mpaka hati yake ya kimataifa ya uhamisho itoke kwenye shirikisho alikokuwa. Wala si kweli kwamba vipimo vya daktari vikiwa vibaya mkataba unafutika: klabu inapaswa kupima kwanza, ndipo isaini. Na mchezaji asiyelipwa haitwi msaliti. Akidai mishahara ya miezi 2, akaiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe, isipolipa ana haki ya kuvunja mkataba. Ana watoto, ana kodi ya nyumba kama sisi.

Dhana inayoniumiza kuliko zote ni hii: "Akiuzwa, makuta yote banakula bakubwa," yaani pesa zote wanakula wakubwa. Inaniumiza kwa sababu inawafanya watu wadogo wasidai kilicho chao. Mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa kwa timu zilizomlea kuanzia mwaka anaofikisha miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo asilimia, kila msimu wa 16 hadi 23 una nusu asilimia. Timu ya mtaani Katuba iliyomlea mtoto misimu ile 4 ya mwanzo ina haki ya asilimia 1. Akiuzwa Ulaya dola 1,000,000, hizo ni dola 10,000. Zingenunua mipira, viatu, na gari la kupeleka watoto mechi.

Tena haki hiyo haiishi siku ya kuuzwa mara ya kwanza. Samatta alikuwa na miaka 18 alipofika kwetu kutoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011, akaondoka na 23. Januari 2020 Genk ilipomuuza Aston Villa, misimu yake ya Lubumbashi ilikuwa bado ndani ya hesabu. Waliosema tumeshamalizana naye walikosea.

Ila hesabu hiyo hufuata leseni. Jina la mtoto lisipoandikishwa kwenye shirikisho, miaka yake haionekani kwenye pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya timu alizosajiliwa.

Kocha mmoja wa Katuba alinionyesha daftari lake la shule, kurasa zimevimba kwa mvua, lina majina, tarehe za kuzaliwa, namba za viatu. Aliweka kidole kwenye jina la kijana ambaye leo anacheza nje.

"Baba, huyu ulimchukulia leseni?"

"Hapana, mwanangu. Msimu ule makuta hayakutosha. Nilimfundisha tu, miaka mitatu, kila jioni."

Tukafungua ukurasa wa mwaka huu, tukahesabu watoto ambao bado hawana leseni. Walikuwa 11, na mdogo wao ana miaka 12.