Je, wajua kwa nini picha za mavuno za Grandma Moses hazina trekta?

Anna Mary Robertson Moses, mchoraji wa Marekani aliyejulikana kwa jina la Grandma Moses, alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la New York na kufariki mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 101. Aliishi kuona trekta na nguzo za simu zikienea mashambani, lakini katika picha zake vitu hivyo aliviacha kwa makusudi.

Sababu ni kwamba hakuchora shamba la wakati ule. Alianza kuchora kwa bidii akiwa amepita miaka sabini, baada ya ugonjwa wa viungo kumzuia kushika sindano ya kutarizi, na alichokichora ni maisha ya mashambani aliyoyajua mwenyewe tangu alipokuwa mtumishi wa nyumbani akiwa na miaka 12, hadi alipokuwa mke wa mkulima huko Virginia kati ya 1887 na 1905.

Mfano mzuri ni picha yake ya mwaka 1947 kuhusu upishi wa jemu nzito ya matufaha. Jemu hiyo hupikwa majira ya kupukutika majani, matufaha yanapokuwa mengi kuliko walaji: juisi yake huchemshwa nje katika sufuria kubwa ya shaba, vipande vya tunda huongezwa, na mtu hukoroga bila kupumzika kwa mwiko wa mpini mrefu, kwani akizembea kidogo tu itashika chini na kuungua. Ni kazi ya kutwa, ya kupokezana, na ndiyo maana mavuno yake yamejaa watu wenye shughuli.

Watu hao ni wadogo, na aliwachora mwisho. Alipaka ubao rangi nyeupe, akaanza na mbingu, akashuka kwenye milima, nyumba na mifugo, ndipo akafika kwa binadamu. Mchoraji aliyesomea sanaa pengine angemchagua mvunaji mmoja na kumkuza. Kwa maoni yangu, picha ingepoteza ule ushirika wa kazi.

Kumbukumbu yake, hata hivyo, haikufanya kazi peke yake. Alihifadhi vipande vya magazeti na kadi, akanakili humo maumbo ya watu na wanyama, kwa hiyo baadhi ya wanakijiji wake hawakutoka kijijini kamwe, bali gazetini.