Arbuni si sadaka

Malindi utasikia hata kwa madalali wenyewe: "Arbuni ikishatoka mfukoni hairudi." Maneno hayo yamewanyamazisha wengi, hasa wanaochanga pesa kununua nyumba kuukuu, kuikarabati na kuiuza kwa faida.

Hairudi lini? Mnunuzi akigeuka bila sababu, muuzaji aweza kuizuia, aghalabu ile asilimia 10 ya bei iliyozoeleka nchini. Lakini muuzaji akishindwa kutoa hati, au mkewe akikataa kuidhinisha uuzaji wa nyumba ya ndoa, kosa si lako, na pesa ni ya kurudishwa.

Wapo pia wanaodhani ujumbe wa M-Pesa ulioandikwa "arbuni ya nyumba" ni mkataba. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), yataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Bila hayo huwezi kumshtaki mtu akuuzie nyumba. Ujumbe ule, hata hivyo, usiufute: ni ushahidi kwamba pesa ilitoka, na kudai irudishwe ni shauri jingine.

Kinachonikera zaidi ni kuchanganya arbuni na mchango. Pesa uliyompa mwenzako anunue nyumba, apake chokaa, auze mgawane faida, huo ni mtaji. Muuzaji hakujui, wa kudaiwa ni mwenzako, kwa makubaliano yenu. Mlikubaliana nini nyumba ikiuzwa kwa hasara? Wengi hawakulizungumza kabisa.